Paneli ilikuwa ileile, nilichobadilisha mimi kilikuwa nyuma yake

Niseme mapema, kosa la umeme ninalolisimulia hapa nililifanya mwenyewe. Hakuna fundi mwingine wa kumsingizia. Na nilifanya nikiwa na leseni, nikiwa na uzoefu wa miaka tisa, na nikiwa nasifiwa mtaa mzima kwamba jamaa yule kazi yake safi.

Jengo lenyewe liko Upanga, Dar, ghorofa nne za zamani, yale majengo yenye ngazi za teraso, chini maduka matatu juu wapangaji. Paneli kuu iko chini ya ngazi, sanduku la bati la kijivu, kibandiko kilishang'oka zamani, ndani mein swichi ya breka kubwa iliyoandikwa 10 kA, yaani kiloampea 10, basiba nyembamba, vile vipande vya shaba vinavyogawa umeme, halafu safu ya sakiti breka ndogo, nyingi zina umri wa mtoto aliyemaliza kidato cha nne. Mita zake ziko nje kwenye ukuta, jirani kabisa na transfoma, na kutoka kwenye mita mpaka kwenye paneli ni kama mita 30 za kebo iliyofukiwa, hiyo ni mali ya mwenye nyumba.

2016 mzee mwenye nyumba akaniita. Nikaingia, shikamoo mzee, marahaba kijana wangu, njoo uguse hapa. Nikagusa kebo inapoingia kwenye paneli, moto kama chupa ya chai. Ilikuwa ya shaba ya milimita 35 za mraba, iliyowekwa enzi ambazo nyumba ilikuwa na feni na friji mbili tatu, sasa hivi kila dirisha lina kiyoyozi. Nikapima mzigo jioni wakati watu wamerudi, ikawa inagonga ampea 130. Nikamwambia mzee hii kebo tuitoe, tuvute ya 95. Akalia bei, tukapatana, nikavuta. Wiki moja baadae akanipigia mwenyewe kunishukuru kwamba taa hazipepesi tena na kebo iko baridi.

Kwenye kazi hiyohiyo akaniongezea, akasema kijana wangu kuna pampu ya maji ya fezi tatu nimenunua, nitafutie sehemu. Paneli ilikuwa na nafasi tupu mwishoni kwenye basiba, karibu kabisa na mein swichi. Nikaenda dukani nikataka breka ya ampea 63 ya fezi tatu. Muuzaji akaniwekea mbili mezani, zinafanana kama mapacha, moja imeandikwa 10000 ndani ya kile kiboksi kidogo cha mstatili, nyingine 6000, na hiyo ya 6000 ilikuwa na bei ya kupendeza. Mi nikaona zote C63, zote zinaingia kwenye reli, nikachukua ya bei nafuu. Sikujiuliza kile kiboksi kinasema nini. Kusema ukweli VETA tulifundishwa, nakumbuka hata siku yenyewe, ila lilikuwa jambo la mtihani tu, ukishafaulu unaliacha pale darasani.

Sasa kazi ile ikanipa jina. Majirani wakaona kebo nene inaingia kwa mzee na wao wanataka. Kwa miaka kama mitatu hivi kazi yangu kubwa ilikuwa kutoa kebo nyembamba na kuweka nene, Upanga, Kisutu, mpaka kule Ilala. Nlikua nina daftari naandika kila kazi, jengo, urefu, saizi. Hilo daftari tutalirudia.

2018 watu wa umeme wakaja kubadilisha transfoma pale mtaani. Ilikuwa ya 315 kVA, hicho ndo kipimo cha ukubwa wa transfoma, juu ya nguzo mbili, na mtaa ulishajaa magorofa mapya, kila jioni inazidiwa. Wakaleta ya 1000 kVA, ile huwezi kuipandisha nguzoni, wakaijengea kitako cha zege chini na uzio wa waya. Hapo hawana kosa lolote, kazi yao ni kuleta umeme wa kutosha na waliuleta. Watu wakafurahi kweli, umeme ukasimama imara, 230 asubuhi 230 usiku. Mi pia nilifurahi. Hakuna mtu aliyefungua paneli ya mzee siku hiyo, ungeifungulia nini sasa? Haijaguswa.

Basi, 2021, Jumamosi moja asubuhi mlinzi wa jengo ananipigia, fundi pampu haiwaki tangu jana jioni, maji yameisha, wapangaji wananitukana mimi. Nikamchukua dogo anayenisaidia tukaenda. Kumbe jana yake kuna jamaa wa aluminiamu alikuwa anafunga reli za ngazi, katoboa ukuta kwa drili, kapiga skrubu zake, kaondoka. Breka ya pampu ilishuka, mlinzi akaiacha hivohivo, na nashukuru Mungu hakuijaribu yeye.

Kitu cha kufanya kinajulikana. Breka ikishuka unatafuta sababu kwanza, unatoa waya, unapima insulesheni, ndo unawasha. Mi nilikuwa na haraka, nina kazi nyingine Mbezi inanisubiri, nikasema ngoja tuiwashe tuone kama itasimama. Kitu kimoja tu nilifanya sawa siku ile, nacho ni mazoea ya mwalimu wangu wa zamani, alikuwa anatuchapa makofi mgongoni tukisimama mbele ya swichi wakati wa kuwasha. Simama pembeni, geuza uso, tumia mkono mmoja. Nikamsogeza dogo, nikasimama pembeni, nikanyoosha mkono wa kushoto, nikapandisha.

Sijui nielezeje. Haukuwa mlio wa breka kushuka, ule tunaujua, tak. Huu ulikuwa kama tairi la lori limepasuka ndani ya chumba. Mwanga mweupe mpaka ukutani naona kivuli changu mwenyewe, afu giza, afu harufu ile ya plastiki na chuma kilichoungua. Breka ilifunguka yote, uso wake wa plastiki tuliukuta kwenye ngazi ya tano. Mkono wangu kuanzia kidole gumba mpaka juu ya saa ulibabuka, saa yenyewe kioo kikawa na vidoa vya shaba iliyoyeyuka, nimeihifadhi mpaka leo. Mein swichi nayo ilishuka ila haikupanda tena, ilikuwa imekwama na inatoa moshi mwembamba ubavuni. Na fyuzi za watu wa umeme kule nje, zile za udongo mweupe zenye mchanga ndani, mbili zilikuwa zimekatika. Kwa hiyo ukitaka kujua nani alikata shoti ile, ni hizo fyuzi. Breka yangu ilikata kwa kupasuka.

Skrubu ya yule jamaa wa reli ilikuwa imepita katikati ya waya wa pampu na kuunganisha fezi mbili, mita nne tu kutoka kwenye paneli.

Mi nikaanza kulaumu breka. Nikasema feki hii. Nikaichukua masalia yake kwenye mfuko wa rambo nikampelekea mzee mmoja mstaafu, alikuwa injinia maisha yake yote kwenye viwanda, sisi tunamwita Mwalimu, anakaa Sinza. Nikafika mkono umefungwa bandeji, shikamoo Mwalimu, akanitazama mkono, akatazama mfuko, hata pole hakunipa. Akauliza, "Transfoma ni ya ngapi?"

Nikasema Mwalimu sijui, mi nimekuja kuhusu breka.

"Na mi nakuuliza kuhusu breka. Transfoma ni ya ngapi, na kebo ni ya ngapi?"

Kebo najua, ni 95, nimevuta mwenyewe. Transfoma nikapiga simu kwa mlinzi akasogea kwenye uzio akasoma kibati, 1000. Na chini yake kuna asilimia imeandikwa? Akasema ipo, 5. Mwalimu akachukua karatasi ya nyuma ya kalenda.

Hesabu yenyewe ni ndogo kiasi cha kunitia aibu. kVA 1000, volti 400, gawanya 1000 kwa 0.693 (kilovolti 0.4 mara mzizi wa 3, kwa sababu ni fezi tatu), unapata ampea 1443, huo ndo mzigo kamili wa transfoma. Ile asilimia 5 ni kiasi ambacho transfoma yenyewe inajizuia wakati wa shoti, kwa hiyo 1443 gawanya kwa 0.05, unapata karibu 28,900. Yaani shoti ikitokea palepale kwenye vichwa vya transfoma inaweza kutoa kama kiloampea 29. Akarudia kwa ile ya zamani, 315 gawanya kwa 0.693 ni 455, yenyewe tuichukulie asilimia 4, inakuja kiloampea 11 na kitu. Gridi ya juu inapunguza kidogo lakini usiitegemee.

Afu akaniambia maneno ambayo sijayasahau, breka na breki majina yanakaribiana. Ile C63 inakwambia gari linabeba mzigo gani likitembea vizuri barabarani. Namba ya kwenye kiboksi, yaani shoti ya ampea ngapi breka inaweza kuikata, inakwambia breki zitashika mpaka mwendo gani likiwa linashuka mlima. Wewe umefunga breki za bajaji kwenye fuso, ukawa unaendesha tambarare miaka mitano unasema gari zima.

Sasa swali langu likawa, Mwalimu mbona kabla haikuwa hivi, lile jengo lina miaka mingi na shoti ziliwahi kutokea, breka zinashuka tu kawaida. Hapo ndo aliponimaliza. Akaanza kupiga hesabu ya kebo, mita 30. Kebo nayo ni kizuizi. Waya wa milimita 35 una kama omu 0.52 kwa kilomita, wa 95 una 0.19. Ukiweka transfoma ya zamani na kebo ya zamani, shoti kwenye paneli ilikuwa kiloampea 7 na nusu hivi. Mein swichi ya 10 ilikuwa inatosha, yule fundi wa kwanza aliyeifunga alikuwa anajua anachofanya. Weka transfoma ya zamani na kebo yangu nene, inapanda mpaka 9 na kidogo, bado uko chini ya 10 ila kwa kucha. Weka transfoma mpya na kebo ya zamani, ingekuwa 11 na ushee. Weka transfoma mpya na kebo yangu, 18.

18! Mein swichi ya 10, breka ya pampu ya 6. Na pale skrubu ilipogusa, mita nne mbele, fezi mbili, tulipiga ikaja kama 12 na nusu. Breka ya 6000 ikaombwa ikate 12,500. Haikuwa feki masikini, ilikuwa halali kabisa, ilifanya kazi ambayo hakuna aliyewahi kuiahidi itaiweza.

Na angalia vizuri, ile breka ya pampu ilikuwa makosa tangu siku ya kwanza niliyoifunga, hata kabla ya transfoma mpya, kwa sababu 9 ni kubwa kuliko 6. Kilichonificha ni bahati tu. Kebo nene niliyoivuta kwa nia njema, ambayo mzee alinishukuru kwa simu, ndo iliyoondoa kizuizi. Ile kebo nyembamba iliyokuwa inachemka ilikuwa inailinda paneli bila mtu kujua. Sisemi uache kebo inayochemka, hapana, utachoma nyumba. Nasema ukiitoa, umegusa paneli hata kama hujafungua mlango wake.

Mwalimu akaniazima mita yake ya kupima lupu, yaani kizuizi cha njia nzima ya umeme kwenda na kurudi, nikarudi kupima umeme ulivorudishwa kwa muda. Hapo napo nilijifunza. Mita ile inapima fezi na nyutro, ikanipa omu 0.02, na yenyewe ikakokotoa 11.5 kA. Nikafurahi nikadhani 18 ya Mwalimu imezidi. Nikampigia, akacheka. Kwanza, hiyo ni ya fezi moja, shoti ya fezi tatu huwa kubwa zaidi, mafundi wengi huzidisha mara mbili ili wawe upande wa salama, kwa hiyo 23. Pili, mita yako inasoma mpaka 0.01 tu, hiyo 0.02 inaweza kuwa 0.015 au 0.025, yaani 15 au 9, ukiwa karibu na transfoma mita ya kawaida inabahatisha. Karibu na transfoma piga hesabu, mbali na transfoma amini mita. Na akaniuliza kama mita niliyokuwa naitumia siku zote kwenye mein ina maandishi ya CAT IV, daraja la usalama la kupimia pale umeme unapoingilia. Haikuwa nayo. Nilikuwa natembea na mita ya kupimia redio nachomeka sehemu yenye kiloampea 18, miaka yote hiyo.

Nikaenda kwa mzee mwenye nyumba. Hii sehemu ilikuwa ngumu kuliko hospitali. Nikamwambia ukweli wote, kwamba breka niliyoweka ilikuwa ndogo, kwamba mein haitoshi tena, na kwamba basiba zenyewe sizijui.

Hili la basiba watu wanalisahau kabisa. Unaweza ukabadilisha breka zote ukaweka za 36, lakini vile vipande vya shaba ndani ya sanduku navyo vina mwisho wake. Shoti ikipita, vinasukumana, na nguvu ya kusukumana inakua kwa mraba wa mkondo, mkondo ukiwa mara mbili nguvu ni mara nne. Kutoka 7.5 kwenda 18 ni mara 2.4, kwa hiyo nguvu ni karibu mara sita. Na kile kilele cha mwanzo, ile nusu ya kwanza ya wimbi, milisekunde 10 kwenye umeme wetu wa hezi 50, kinaweza kufika mara mbili ya hiyo namba. Paneli mpya iliyotengenezwa kwa IEC 61439, kiwango cha kimataifa cha paneli, inakuja na kibandiko kinasema inahimili kiasi gani na kwa muda gani. Ya mzee kibandiko hakuna, aliyeitengeneza hajulikani, vishikio vya basiba ni vya plastiki ya kahawia iliyoanza kupasuka.

Mzee akanisikiliza, akatengeneza kofia yake, akasema, "Kijana wangu, wewe mwenyewe 2016 uliniambia paneli iko vizuri."

Nikasema ndio mzee, nilisema.

"Sasa imeharibika lini?"

Haijaharibika mzee, ila transfoma... nikaanza kumweleza. Aliniangalia kama daktari aliyekuja kudai ela ya operesheni ya mtu aliyekuwa anatembea vizuri tu. Nikajaribu tenki na bomba, kwamba mtaani wameweka tenki kubwa na mimi nikaweka bomba pana, na koki zako ni zilezile za plastiki. Akaelewa mpaka kwenye koki, kwenye bei akaacha kuelewa. Paneli mpya nzima ilikuwa pesa ambayo hakuwa nayo, na wapangaji wawili wanadaiwa kodi, nikaambiwa na habari zao zote.

Nikarudi kwa Mwalimu, tukatafuta njia ya kati. Zile fyuzi za mchanga, za kiwango cha BS 88, zina uwezo wa kukata mpaka kiloampea 80, na zina kitu breka ya kawaida haina, kwenye shoti kubwa zinayeyuka mapema mno, kabla wimbi halijafika kileleni. Yaani hazisubiri moto ukue ndo zizime. Kwa hiyo ukiweka fyuzi kabla ya paneli, kinachopita kwenda ndani ni kilele kilichokatwa kichwa. Mzigo wa mzee ni 130, tukachagua fyuzi za 160, tukafungua chati ya mtengenezaji, kwa shoti ya 18 kilele kinachopita kikabaki chini ya 17. Hiyo 17 sio ya kubuni, kwenye IEC 61439 kuna kipengele kinasema paneli inayolindwa na kifaa kinachobana kilele kisizidi 17 kA haihitaji kuthibitishwa uhimilivu wake wa shoti. Kipengele hicho kinadhania sanduku limetengenezwa vizuri, kwa hiyo vishikio vya basiba nilibadilisha vyote, sikuviacha.

Tukaweka swichi ya fyuzi kwenye sanduku lake peke yake kule nje karibu na mita, mwanzo wa kebo yangu. Mein swichi ikatoka, ikaingia ya 36 kA. Breka ndogo zilizokuwa za 6000, na tulikuta moja ya 4500, sijui aliiweka nani, hiyo sio mimi jamani, zote zikatoka zikaingia za 10000 za kampuni ileile ya mein, kwa sababu kampuni ile ina jedwali linaloonyesha mein fulani ikisaidiana na breka fulani zinahimili kiasi gani kwa pamoja. Hapa mafundi wenzangu tunajidanganya sana. Tunasikia kwamba breka kubwa inaisaidia ndogo, tunachanganya mein ya kampuni hii na breka za kampuni ile, tunasema zinasaidiana. Kusaidiana huko kumepimwa maabara kwa jozi maalum, kama haiko kwenye jedwali usiseme ipo.

Breka zilizobaki, zile za zamani za 10000 ambazo zilikuwepo kwenye basiba siku ya mlipuko, mzee alitaka tuziache. Nikakataa, na hii nilijua kwa kusoma usiku. Breka ya nyumbani ya 10000 kwa kiwango cha IEC 60898 inaruhusiwa kuwa na uwezo wa kurudi kazini wa 7500 tu, yaani ile 10000 inaweza kuikata salama lakini haikuahidi kuwa nzima baada ya hapo. Kama kuna ambayo ilishakutana na shoti kubwa tangu transfoma ije, nani anajua? Haina alama. Zikatoka. Breka zingine utakuta zina namba mbili, 6000 kwenye kiboksi na chini kwa maandishi madogo 10 kA kwa kiwango kingine cha viwandani, kwenye nyumba ya watu mi nasoma kiboksi.

Kuhusu feki, ndio zipo, na sina dawa yake zaidi ya kununua kwa wakala mwenye risiti na kushika mkononi, nyepesi sana irudishe. Kuandika 10000 kwenye plastiki hakugharimu kitu.

Jambo moja la pembeni, jengo lile lina jenereta ya 60 kVA. Kwenye jenereta mambo yanageuka, shoti yake haifiki hata kiloampea 1, hapo wasiwasi ni breka kuchelewa kuona shoti. Paneli moja, mabwana wawili, mmoja mkali mno mwingine mpole mno. Nitaandika siku nyingine.

Sehemu ya gharama nililipa mimi. Breka ya pampu, mein, na ufundi wote bure. Mke wangu hakupenda, akasema mbona jamaa wa reli hachangii. Nikamwambia yule katoboa ukuta, mimi ndo nilifanya tundu lake liwe bomu.

Mkono ulipona, umebaki na baka tu. Nikawa siwezi kulala vizuri kwa sababu ya lile daftari. Nikalitoa kabatini, nikakaa na kikokotoo, jengo moja baada ya jingine. Kebo imetoka ngapi imeingia ngapi, mita ngapi kutoka transfoma. Nikapanda pikipiki kwenda kusoma vibati vya transfoma, walinzi wengine wananifukuza wakidhani nataka kuiba mafuta. Majengo 11 niliwahi kuvuta kebo nene. Manne yako mbali na transfoma zaidi ya mita 100, huko kebo yenyewe inabana shoti, hesabu zikakubali. Saba hazikukubali au zilikuwa ukingoni.

Nikaanza kupiga simu. Wawili walielewa haraka, mmoja wao ni mama mwenye duka la vitambaa, nilimtumia picha ya saa yangu tu akasema njoo kesho. Mmoja alinitukana, akasema fundi umekosa kazi unatengeneza kazi. Mmoja jengo limeuzwa, mmiliki mpya ana fundi wake, fundi wake nikamwonyesha hesabu akaniambia kaka hizo ni za vitabuni. Wengine wawili wanasema watafikiria, huu mwaka wa tatu sasa, kila Ramadhani nawapigia kuwatakia mfungo mwema na kuwakumbusha.

La saba ni lile la Kisutu. Namba ya simu haipatikani. Nimeenda mara mbili, mlinzi ni mpya, hanijui, anasema mwenye nyumba yuko nje ya nchi. Mara ya pili aliniruhusu nichungulie tu. Paneli iko kwenye korido, watoto wanaegesha baiskeli mbele yake, mlango wake umefungwa kwa waya, na kwa ndani naiona kebo yangu imekaa vizuri kabisa, nimeipiga klipu kila nusu mita, na chini yake safu ya breka zimeandikwa 4500, 4500, 4500. Nikamwachia mlinzi namba yangu imeandikwa kwenye kipande cha boksi, nikamwambia hizo baiskeli ziwekwe upande wa pili.